Karatasi Imesema Tatu

Fundi Ekiru alizikwa Lorugum siku ya Ijumaa, na mimi nilikwenda kumzika nikiwa na penseli mkobani. Sikuipanga. Penseli hukaa humo siku zote, pamoja na miwani, funguo za kibanda changu cha spea na vidonge vya presha, na niliigusa tu pale nilipoingiza mkono kutafuta leso. Mhubiri alikuwa akisema marehemu hakuwahi kumficha mtu ubovu wa gari lake, kwamba alikuwa mtu wa kweli, na watu wakaitikia amina. Mimi sikuitikia. Si kwamba mhubiri alikosea. Niliishika ile penseli ndani ya mkoba, nikatazama mchanga ukishuka juu ya sanduku. Kwa miaka ishirini na mitano nilikuwa nimejiahidi kumwambia Ekiru jambo moja siku nitakayokuwa tayari, na sasa vijana wanne wenye sepetu walikuwa wanaifukia siku hiyo mbele ya macho yangu.

Nitaandika juu ya mwaka mmoja tu. Nilikozaliwa, na jinsi shule ilivyoniishia kidato cha pili, havina kazi kubwa hapa, ingawa hilo la shule litarudi. Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, na nilishika kaunta kwenye duka la spea la Mama Chelimo, mfanyabiashara aliyehamia Lodwar kutoka upande wa Kitale. Vitu vidogo tulikuwa navyo: filta, mikanda, balbu, oili. Kitu kikubwa kilipotakiwa niliandika oda kwenye karatasi, nikampa utingo wa basi la Kitale, naye akarudi nacho baada ya siku tatu au nne, kama barabara ya Kainuk ilikuwa shwari. Simu za mkononi hazikuwa zimetufikia. Ulichoandika ndicho ulicholetewa. Siku hizi vijana wanaokuja kibandani kwangu wanapiga picha ya injini kwa simu na kuituma Kitale kabla sijamaliza kuwasalimu, na nikiwaambia kwamba zamani gari zima liliweza kutegemea mwandiko wa msichana mmoja, wanacheka kwa heshima, kama mtu anavyocheka hadithi ya bibi yake.

Chumba changu kilikuwa nyuma ya duka. Kulikuwa na kitanda cha kamba, jiko la makaa, beseni, na makatoni ya filta yaliyopangwa hadi juu, hata nguo zangu za kanisani zilinuka mpira mpya. Ukuta mmoja ulikuwa wa mabati matupu, na ng'ambo yake ndiko kulikuwa na gereji ya Ekiru. Mabati yale yalizuia jua kidogo na maneno hayakuyazuia hata kidogo. Nilipika nikisikiliza, nikala nikisikiliza. Nilijua ni dereva gani amegombana na mkewe, na ni nani amegonga ngamia akakataa. "Fundi, gari inalia," dereva wa lori angesema. "Inalia wapi?" "Huku chini." "Hata wewe ungelia. Umebeba saruji, mbuzi na mashemeji kwa safari moja." Halafu kicheko, na spana ikianguka kwenye karai. Nilikuwa mgeni mji ule, na mara nyingi sauti hizo zilikuwa ndiyo karamu yangu, mimi na sufuria ya maharagwe.

Ekiru alikuwa na umri wa kama miaka arobaini wakati ule, mwembamba, mpole, na aliniita Karani. Alinifundisha kitu kimoja ambacho ndicho kinanilisha hadi leo. Pikapu za dizeli zilizojaa Turkana zilikuja na injini za aina mbili zinazofanana kama pacha, na mafundi waliziita Mbili na Tatu, kwa ile tarakimu ya kwanza ya namba iliyogongwa ubavuni mwa bloku, ule mwili wa injini. Tatu ina matundu mapana zaidi ya silinda. Kwa nje huwezi kuzitenganisha. Logibuku, ile hati ya gari, haikusaidii, kwa sababu pikapu nyingi zilikuwa zimenunuliwa mnadani zikiwa zimechoka na mchanga, zikawekewa injini yoyote iliyopatikana, na hakuna aliyekwenda ofisini kubadilisha maandishi. Kibandiko cha nyuma ya gari ndicho kabisa hakikusaidii. Kwa hiyo Ekiru alikuwa na utaratibu. Unasafisha mahali pa namba kwa mafuta ya taa, unakausha, unaweka karatasi nyembamba juu yake, halafu unasugua kwa ubapa wa penseli laini mpaka namba ijitokeze yenyewe, nyeupe ndani ya weusi. Sehemu za juu za mbili na tatu zinafanana. Kinachozitofautisha ni mguu: mbili imekanyaga chini, tatu imejikunja. "Usisome kwa macho," aliniambia. "Macho yanataka kumaliza kazi, Karani. Penseli haitaki kitu." Na kabla oda haijaondoka, kila mara, aliuliza swali lilelile: "Karatasi imesema nini?" Hakuuliza mimi nasema nini.

Mzee Majok na binti yake Achol waliingia gereji siku ya Alhamisi, gari lao likivutwa na lori kwa kamba. Walikuwa wakimbizi kutoka Sudan Kusini, wanakaa kambini Kakuma, na mzee alikuwa na kibali cha siku kumi cha kwenda ziwani kuchukua samaki wakavu. Nilinusa samaki kabla sijaona gari.

"Ejok, Mzee," nilimsikia Ekiru akimsalimu ng'ambo ya mabati. "Umetuletea gari ama umetuletea samaki?"

"Zote zimekufa," Majok akajibu. "Wewe fufua moja tu."

Ekiru hakuhitaji muda. Rejeta ilikuwa inachemka, maji yanatoa mapovu, moshi mweupe nyuma: gasketi ya hedi imeungua. Ile karatasi ngumu iliyotiwa bati, yenye matundu manne, inayokaa kati ya bloku na hedi, kifuniko chake cha juu, ikifa, gari haliendi popote. Yetu dukani haikuwepo. Ingetoka Kitale. Hapo nikasikia sauti ya mzee ikishuka. Alieleza kwamba Alhamisi ya wiki mbili mbele kulikuwa na wageni wanaokuja Lodwar kwa siku moja, watu wa ufadhili wa chuo kikuu, na binti yake ameitwa kuhojiwa. Lazima kwanza warudi kambini kabla kibali hakijaisha Jumatano, maana aliyechelewesha kibali hapewi kingine haraka, na bila kibali kingine Achol asingetoka Kakuma siku hiyo. Vyeti vyake pia viko nyumbani. "Gasketi ifike, nifunge, mrudi, halafu mje tena Alhamisi hiyo," Ekiru akahesabu. "Inatosha. Lakini haina nafasi ya kuchelewa hata siku moja." Mimi nilikuwa nimeinama juu ya jiko nikikaanga vitunguu. Nililisikia neno hilo vizuri sana.

Mama Chelimo akasema msichana hawezi kulala gereji na wanaume, akanipa Achol nilale naye chumbani. Alikuwa mrefu hata miguu ilitoka nje ya kitanda. Tulikuwa na umri sawa. Alipika asida, ugali wa kwao, nikampikia chapati, akasema chapati zangu zinaweza kuziba pancha, na kwa hilo tukawa marafiki. Alikuwa amemaliza kidato cha nne kambini na alama ambazo alizitaja kwa sauti ndogo, kana kwamba angeziamsha. Alitaka kusomea mambo ya maji, jinsi ya kuyatafuta ardhini na kuyafikisha mahali yasipokuwepo. Alinichorea kwenye katoni la filta namna kisima kinavyochimbwa. Nilitikisa kichwa kama ninayeelewa. Sikumwambia niliishia kidato cha pili. Alipouliza, nilisema nilisoma Kitale, ambalo ni jibu la kweli la swali ambalo hakuliuliza.

Siku ya pili mchana Ekiru alinituma kuchukua namba ya injini, yeye akiwa amelala chini ya lori la mtu mwingine. Basi la Kitale lingeondoka saa tisa. Achol alikuja akanishikia kopo la mafuta ya taa. Namba ya injini ile ilikuwa mahali pabaya, chini ya pampu ya dizeli, na juu yake palikuwa na gamba la oili na vumbi la miaka. Nilikwangua, nikasugua kwa kitambaa, nikaunguza kiwiko kwenye bomba la lori jirani nilipogeuka, nikasugua tena. Niliweka karatasi. Penseli ikapita. Namba zote za nyuma zikatoka safi. Ile ya kwanza ilitoka na kichwa chake, kile kiupinde cha juu, na chini yake doa jeusi. Mguu haukuonekana. Gamba lilikuwa bado limejaa humo.

Nimelirudia tendo hilo mara nyingi, na ninataka kuliandika lilivyokuwa. Haikuwa kwamba nilikosea kusoma. Hapakuwa na cha kusoma. Karatasi nyingine nilikuwa nazo mfukoni, na mafuta ya taa yalikuwa mkononi mwa Achol. Basi lilikuwa limepiga honi mara moja, na nilijua dereva hupiga tatu. Ningeweza kusema bado. Lakini Achol alikuwa amechuchumaa pale, anatazama mikono yangu kwa heshima, na maishani mwangu ilikuwa mara ya kwanza mtu aliyenizidi shule kunishikia kopo. "Imesema nini?" akauliza. Nikatazama kibandiko cha nyuma ya pikapu, ambacho kilisema injini ni kubwa. Nikakumbuka logibuku, ambayo pia ilisema hivyo. Nikatabasamu kama fundi. "Tatu," nikamwambia.

Nilipopita mlangoni na oda mkononi, Ekiru akatoa kichwa chini ya lori. "Karani, karatasi imesema nini?"

"Imesema tatu."

"Haya. Kimbia."

Ile karatasi yenye doa nikaikunja ndogo, nikaitupa kwenye jiko langu.

Gasketi ilifika Jumatatu jioni. Jumanne kutwa nilikaa kaunta nikisikiliza mabati, nikingoja Ekiru aite jina langu. Kulikuwa na wakati mmoja, mchana, ambapo spana zilinyamaza kwa muda mrefu. Nilisikia Majok akiuliza, "Fundi, kuna kitu?" na Ekiru akijibu baada ya kitambo, "Hakuna, Mzee. Nawaza tu." Kisha spana zikaanza tena. Jioni injini iliunguruma. Ilikuwa nzuri, haikutoa moshi. Nikajiambia kwamba basi ilikuwa tatu. Hivyo ndivyo nilivyofanya: injini iliyotulia niliichukua iwe ushahidi wangu, na siku zilizofuata nilitembea kama mtu aliyesoma namba kweli.

Jumatano Mama Chelimo alinituma niende nao Kakuma nikapeleke filta kwa mteja, nirudi na lori la kesho yake. Tulikaa watatu mbele, samaki nyuma. Kwa Majok palikuwa na vyumba viwili vya matofali ya udongo na uzio wa miiba, na ndani palikuwa safi kuliko nyumba yoyote niliyoijua Lodwar. Tulikula asida na mchuzi wa bamia kavu na samaki, sote kwenye sinia moja. Kwenye msumari ukutani lilining'inia shati jeupe la Achol, limepigwa pasi ya makaa, limefunikwa na plastiki, na kila mtu aliyepita aliinamisha bega ili asiliguse. Majirani walikuja kumwona msichana wa Lodwar. Mmoja, mama mwenye sauti kubwa, akamtania mzee: "Majok, ukimpeleka huyu chuo, nani ataoa mtu anayejua kuhesabu kuliko ng'ombe wa mahari?" Majok akacheka mpaka akafuta macho. "Ya mama, yeye ataleta maji hapa hapa. Wewe utakuja na mtungi na kusema samahani." Nilicheka nao. Nikachota tonge jingine.

Alhamisi ya mahojiano, wiki iliyofuata, nilifunga kitambaa kizuri, nikachemsha chai ya maziwa mapema, nikaweka chapati chini ya sahani. Wangefika saa tatu. Mahojiano yalikuwa saa nne. Ilipofika saa sita chai ilikuwa imefanya ngozi juu. Saa nane niliona gari la wageni likipita kuelekea kiwanja cha ndege, likiacha vumbi mbele ya duka letu. Saa kumi na nusu lori la mbuzi lilisimama, na Achol akashuka nyuma. Shati bado lilikuwa jeupe begani, kwingine kote lilikuwa rangi ya barabara. Vyeti vilikuwa kifuani ndani ya plastiki. Aliingia moja kwa moja chumbani kwangu, akakaa kitandani.

"Wameenda?" akauliza.

"Wameenda."

Nilimpa maji. Aliyanywa yote bila kupumzika, akanirudishia kikombe, akasema asante. Baadaye alinieleza kwamba katikati ya safari, walipokuwa wanapanda kutoka kwenye laga, lile bonde la mto mkavu, gari lilipoteza nguvu, maji yakachemka yakaruka, na moshi mweupe ukawafunika. Walikaa chini ya gari kwa sababu hapakuwa na kivuli kingine. Magari mawili yalipita yakienda upande wa Kakuma. La kwanza la kuja Lodwar lilikuwa lile la mbuzi, akalipanda peke yake, baba akabaki na gari.

Jumamosi pikapu ilivutwa tena mpaka gereji, na Ekiru akafungua hedi. Mimi nilikuwa chumbani na chakula changu cha mchana, chapati na maharagwe, sahani juu ya magoti.

"Fundi," nikamsikia Majok, "mimi nilikuletea gari. Nilileta ama sikuleta?"

"Ulileta."

"Nikakuambia Alhamisi. Nilisema ama sikusema?"

"Ulisema, Mzee."

"Sasa hii ni nini?" Kitu chepesi cha chuma kilitupwa chini. Nilijua ni gasketi.

Nilisikia Ekiru akiiokota. "Injini yako ni ya Mbili," akasema. "Hii ni ya Tatu. Matundu yake ni makubwa. Imeungua hapa katikati."

"Nani alisoma namba?"

Nilisikia Achol akikohoa. Alikuwa amesimama pale pale, yeye aliyenishikia kopo. Hakunitaja.

"Ni mimi nilifunga," Ekiru akasema.

"Sijauliza nani alifunga. Nani alisoma?"

"Gereji ni yangu, Mzee. Mtu ni mimi."

Kati yangu na wao palikuwa na bati moja. Kama ningeweka sahani chini, wangesikia. Sikuiweka. Nilikuwa na chapati mdomoni, na nikaendelea kutafuna, polepole, ili nisitoe sauti. Nimejaribu miaka mingi kukumbuka kwamba nilishindwa kula siku ile. Si kweli. Nilimaliza sahani.

Majok alikuwa mtu wa watu, na Kakuma nzima ilijua ndani ya wiki moja kwamba fundi wa Lodwar amefunga gasketi isiyo ya gari. Wafanyabiashara wa kambini wakaacha kuleta magari. Mama Chelimo akasema duka limeleta kilichoandikwa, shida si ya duka, na hakuuliza zaidi. Ekiru aliendelea miezi michache, halafu akang'oa mabati yake akahamia Lorugum kutengeneza pikipiki na baiskeli. Siku anapakia nilimsaidia kubeba karai la spana. Mdomo wangu ulikuwa umefunguka, nakumbuka, na akanitazama akingoja. Nikasema, "Safari njema, Fundi." Akasema, "Haya, Karani." Toka siku ya lile gari hakuwahi kuniuliza tena karatasi imesema nini. Alikuwa anaingia chini ya gari mwenyewe.

Achol hakuitwa tena. Mwaka uliofuata aliolewa, akafundisha watoto wa chekechea kambini, na baadaye akahamia Kalobeyei na kufungua duka. Alinitumia kupitia dereva shuka lililoshonwa maua kwa uzi wa rangi, lile wanaloliita milaya, kazi ya miezi. Hapakuwa na barua ndani. Nililiweka kwenye katoni, sikulitandika hata mara moja, na filta za Kakuma nilizituma na watu wengine. Kutoka Lodwar hadi Kakuma nilihesabu saa tatu. Sikuwahi kuzisafiri tena.

Baada ya maziko nilimwona Achol amesimama pembeni, mrefu vilevile, kichwa kimeota mvi chini ya kitambaa. Alikuwa amekuja na pikapu yake mwenyewe, nyeupe, ya zamani. Tulisalimiana kama watu wazima, tukaulizana watoto. Mjane wa Ekiru alitupa chai kwenye vikombe vya plastiki na tukakaa juu ya ubao kando ya uzio. Nikaona kwamba nikimaliza chai ile bila kusema, sitasema tena hadi nami nifukiwe. Kwa hiyo nilisema. Nilimwambia kwamba siku ile karatasi haikusema tatu, kwamba ilikuwa na doa, kwamba nilitazama kibandiko. Nilimwambia kwa nini. Nilimwambia hata juu ya chapati.

Alizungusha kikombe mkononi.

"Ekiru alikuja kwetu," akasema. "Baba alipougua, kabla hajafa. Alitoka Lorugum na baiskeli mpaka Lodwar, akapata lori. Akaketi chini karibu na kitanda. Akasema, 'Mzee, ile gasketi niliona ni kubwa. Niliiweka, nikaona chuma kimebaki wazi kuzunguka kila tundu, kama upana wa kucha. Nikajua. Lakini kibali chako kilikuwa kinaisha kesho yake. Nikasema itashika mpaka Alhamisi.' Baba akamwambia malesh, basi, imepita. Wakanywa chai."

Nikakumbuka ule mchana spana zilivyonyamaza. "Na mimi?" nikauliza. "Alinitaja?"

"Hakukutaja."

"Kwa hiyo alijua yake, na mimi nilijua yangu."

"Yeye alikuja kuisema," Achol akasema. Hakupandisha sauti. "Alikuwa mbali kuliko wewe, na alikuwa na baiskeli."

Nilifikiri miaka ile yote kwamba Ekiru alibeba mzigo wangu, na kumbe alikuwa amebeba wake, na juu yake akaongeza wangu, kwa sababu hakuna aliyempokea. Kama ningetoka siku ile na sahani yangu mkononi, tungesimama wawili mbele ya Majok, na labda mji ungetusema wote wawili, na Ekiru angebaki na gereji yake. Labda. Achol asingerudishiwa Alhamisi yake kwa vyovyote. Lakini angekuwa na watu wawili wa kuwakasirikia usoni, badala ya mmoja aliyehama na mwingine aliyejificha nyuma ya makatoni.

"Mimi nilijua ulikosea," akasema baadaye. "Nilikushikia kopo, nilisikia ukisema tatu. Kukosea nilikusamehe siku hiyo hiyo, ndiyo maana sikukutaja kwa Baba. Ndiyo maana nikashona ile milaya. Nilifikiri utakuja useme, Achol, nilisoma vibaya. Lakini hii ingine, ya kwamba hukusoma, hii nasikia leo. Usiniulize leo kama nimeisamehe."

"Sikuulizi," nikasema.

Akasimama, akakung'uta nguo. Nilidhani anaondoka. Akaenda kwenye pikapu yake, akafungua boneti, akaniita kwa mkono kama mteja.

"Hii inachemka tangu juzi. Maji yanatoa mapovu. Kijana wa Kalobeyei amepiga picha ya namba na simu, picha inaonyesha giza tu. Anasema ni Tatu, kwa sababu logibuku inasema Tatu." Alinitazama. "Wewe bado unafanya hii kazi?"

"Bado."

Mjane akatuletea mafuta ya taa kwenye kopo, na kitambaa. Magoti yangu si yale, ilibidi nishike gurudumu ili nishuke. Chini ya pampu palikuwa vilevile: oili, vumbi, gamba. Nilikwangua kwa msumari. Nilisugua mpaka kitambaa kikawa cheusi nikaomba kingine. Nilivaa miwani, nikararua karatasi kutoka daftari la oda, nikatoa penseli mkobani. Achol alichuchumaa kando yangu na kopo mkononi, na sikuthubutu kumtazama. Penseli ikapita. Namba za nyuma zikatoka. Ya kwanza ikatoa kichwa chake, kiupinde kile kile, na chini yake pakawa na ukungu.

"Imesema nini?" akauliza.

Watu walikuwa wanaanza kuondoka, na gari lililonileta lilikuwa limewashwa tayari. Dereva akapiga honi.

"Bado haijasema," nikamwambia. "Mwaga mafuta tena."